Kivuli cha Suruali

Kila asubuhi Kavindu alifua suruali ambayo haikuwa chafu.

Aliitia kwenye beseni, akaisugua magotini na kwenye pindo kama mtu anayepigana na tope la kweli, akaikamua, kisha akapanda kistuli chake na kuitundika kwenye waya uliopita juu ya bati la nyumba yake. Ilikuwa suruali ya kaki, ya mlinzi wa usiku, na kwa kufuliwa bila kuvaliwa ilikuwa imepauka kuliko nguo yoyote pale mtaani. Ingekuwa na mdomo ingeomba likizo.

Waya ulikuwa juu makusudi. Wapangaji wengine wote walianika chini, kwenye kamba za uani, wakigombania nafasi na kuibiana vibanio. Kavindu alitaka suruali yake ionekane tangu langoni, ionekane na kutoka uchochoroni, ili mtu mwenye nia mbaya akiinua macho aione miguu miwili mirefu ya mwanamume ikining'inia, na ajue kwamba mwenye miguu hiyo yuko ndani.

Ndani hapakuwa na mtu. Nzuki, mume wake, alikuwa ameshakufa.

Walikuwa wakiishi Makina, kule Kibera, nyuma ya msikiti, na Nzuki alikuwa soja, mlinzi wa usiku, kwenye yadi ya mbao. Kifua kilimbana baridi ya Julai ilipoingia, na kabla ya mvua za vuli alikuwa ameshalazwa kwenye mchanga wa kwao Kitui. Ndugu zake walimzika vizuri, hawakumdhulumu mtu. Ila walipomaliza kuzika kila mmoja alishika njia yake, na Kavindu, ambaye hakujaliwa mtoto, akarudi Makina peke yake. Majirani walimpa pole. Kisha mlango ukaanza kubishwa na watu ambao hawakuleta pole.

Wa kwanza aliomba kibiriti. Wa pili hakuomba kitu, alisema tu, "Mathe, fungua nikusalimie." Halafu komeo likavunjwa Kavindu akiwa ndani. Walibeba jiko la gesi na redio, na mmoja wao, kabla ya kutoka, akalivuta blanketi kidogo na kucheka. Hakumfanya kitu kingine. Lakini kile kicheko ndicho kilichomhamisha Kavindu kutoka Kibera hadi Kawangware, sehemu wanayoiita Kongo, ambako hakuna aliyemjua yeye wala marehemu.

Kiragu, msimamizi wa ploti ya vyumba vya kupanga, alimuuliza kama ana mume. Akasema anaye. Yuko wapi? Ni soja wa usiku, mchana hulala. Hakubuni mtu, tuelewane hapo. Alikataa tu kummaliza yule aliyekuwa naye. Na chumba alichopewa kilikuwa cha mwisho, chenye mlango wa pili unaotokea uchochoroni, mlango uliomfaa kuliko kitanda chenyewe, kwa maana majirani walijiambia kwamba mzee huingilia huko na kutokea huko, na hawakujisumbua zaidi.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hao hawakuwahi kupanga chumba Kongo. Ya Kavindu ilikuwa imeingia mwaka wa tatu na bado ilikuwa inakwenda.

Walimwita Mama Soja. Tena walimheshimu huyo soja kuliko mwenye nyumba. Watoto wakikaribia chumba cha mwisho na mpira wao wa makaratasi, mama zao waliwakemea: "Nyamazeni, soja amelala!" Wanawake waliotoka bombani walipunguza sauti wakipita mlangoni pake, wakaongea kwa nyusi. Hakuna aliyebisha mchana, maana ni nani mwenye roho ngumu ya kumwamsha mtu aliyekesha kazini? Na hakuna aliyebisha usiku, maana mke wa mtu ambaye mumewe yuko kazini habishiwi mlango usiku. Hiyo ni adabu. Hivyo Kavindu alikuwa amejikinga na wezi, na walevi, na wenye vicheko, na pamoja nao akajikinga na kila mtu mwingine aliye hai.

Alisuka vyondo, vikapu vya katani. Kazi hiyo aliichukua kwa mama yake Kitui, na mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Satellite alikuwa akija kuvichukua vikiisha. Ni kazi inayotaka mdomo: wanawake hukaa wengi, wakasuka na kusengenya, chondo kikaisha bila mtu kujua. Kavindu alisuka kimya. Hakuweza kuimba, hakuweza kuwasha redio mchana, na machozi yakimjia aliyamezea kwenye leso, kwa kuwa bati hupitisha sauti na mzee amelala. Alikuwa mpweke. Hakuna neno lingine la kulipaka hilo likapendeza, nami sitalitafuta.

Basi ndipo ikaja ile paneli.

Walikuja watu wa mradi, wa kutoka maabara fulani ya mjini, wakitafuta paa za kujaribia paneli za aina mpya za jua. Walitaka nyumba za kawaida, za mabati, zenye vumbi na mawe na paka, kwa sababu maabara, walisema, haina paka. Sharti lilikuwa moja. "Nyumba ya mtu mmoja hatutaki," mkubwa wao alisema. "Huyo mmoja akitoka, paneli nayo inatoka."

Kiragu alicheka. "Hapo ni kwa soja. Mchana yuko yeye, usiku yuko mama. Hata wezi wa huku wanaogopa hiyo suruali."

Ikafungwa juu ya bati la Kavindu. Ilikuwa kioo chembamba chenye rangi ya kahawa iliyokolea, kimechorwa mistari myembamba sana iliyoteremka kutoka juu hadi chini. Akapata taa, na akapata pa kuchomeka redio. Jioni, saa ambayo soja yeyote angekuwa ameshatoka, aliwasha redio kwa sauti ndogo, akasikiliza salamu za Kikamba, watu wa Mwingi wakiwasalimu watu wa Mutomo, akasuka chini ya ile taa mpaka vidole vikauma. Zilikuwa ndizo sauti pekee zilizoingia chumba hicho bila kunong'ona. Ndiyo maana aliipenda paneli ile kuliko mtu anavyopaswa kupenda kipande cha kioo.

Fundi wa mradi aliitwa Shivachi, mtu wa Vihiga, mwenye mabega mapana na sauti iliyoumbwa kwa kwaya. Alipomwambia Kavindu siku ya kwanza kwamba anaishi Makina, Kavindu alishtuka. Akatulia aliposikia kwamba amehamia huko juzi tu. Shivachi alikuja mara moja kwa mwezi, kila mara mchana, saa ambayo suruali ilikuwa imeshakauka na kuanuliwa. Na kila mara alinong'ona. Jitu zima, limesimama uani jua likiwaka, linanong'ona kwa ajili ya marehemu.

"Niaje, mathe. Mzee amelala?"

"Amelala."

"Poa. Sitakaa."

Lakini siku hiyo alikaa. Alipanda ngazi, akainamia paneli, akachomoa simu na kutazama michoro yake, akainama tena. Aliposhuka alikuwa amekunja uso.

"Mathe, kuna mstari umekufa. Panda uone."

Kavindu alipanda vidaraja vitatu vya ngazi. Katikati ya ile rangi ya kahawa palikuwa na mstari wa manjano, mwembamba, uliokwenda kutoka juu hadi chini kama mchirizi wa samli iliyoganda.

"Moto ukishika huko Kibera," Shivachi alinong'ona. "Watu wanajipanga laini, wanapitisha ndoo. Sasa huyu wa katikati ashikwe na usingizi. Wale wengine hawajui. Wanaendelea tu kumsukumia ndoo, zinamwangukia zote. Hii mistari iko hivyo. Kila mmoja unapokea stima, unapitishia mwenzake. Mmoja ukifunikwa na kivuli juu hadi chini, wenzake wanausukumia mpaka unaungua."

"Na zile paneli za kawaida?" Kavindu aliuliza. Hakutaka sana kujua. Alitaka yule mtu aendelee kuongea.

"Za kawaida zimewekewa kanjia ka pembeni, zinamruka huyo amelala. Hii inaitwa perovskaiti, bado ni mtoto. Iko na nguvu, hata mawingu yakiwa inashika. Lakini kivuli cha kukaa pahali pamoja kinaiua."

"Haiponi?"

"Inapona kidogo. Ikikaa giza usiku, asubuhi inaamka fresh. Lakini mstari umeungua hivi, huo hapana." Akamwonyesha simu. "Angalia. Kila asubuhi kuna kitu kinaifunika hapa, halafu kinatoka. Ni nini hicho, mathe?"

Kavindu alijua ni nini. Alijua tangu alipouona ule mstari, wima na mwembamba, mrefu sawasawa na mguu wa Nzuki.

"Labda ndege," akasema.

"Ndege gani anasimama mahali pamoja asubuhi yote? Hata Sunday?"

"Labda mawingu."

Shivachi alicheka bila sauti, mabega yakitikisika. Kisha akaacha kucheka. "Kuharibika si makosa, mathe. Ndiyo kazi yenyewe, tunataka kuona inaharibikaje. Shida ni nikikosa kujua sababu. Mistari mingine itaungua, kioo kitapasuka, na ndani kuna madini ya risasi kidogo, hiyo ni sumu. Siwezi iacha juu ya watu ikiwa imepasuka na mvua inakuja. Nitaiteremsha." Akakunja ngazi. "Chunga uone ni nini. Na unisalimie mzee."

Akaenda zake. Kavindu akabaki na hesabu ambayo haikuwa na jibu. Akianua suruali, paneli inapona, lakini mume wake anakufa mbele ya ploti nzima, na mradi hautaki nyumba ya mtu mmoja. Akiiacha suruali, mume anaishi na paneli inateremshwa. Kuianika chini uani kungekuwa sawa na kutoianika, kwa kuwa nani angeitambua katikati ya mashuka ya Becky?

Huyo Becky ndiye jirani wa mlango unaotazamana na wake, mwanamke wa Bungoma mwenye kicheko cha karibu na watoto watatu, anayefulia watu nguo kwa malipo. Kamba zote za uani zilikuwa zake kwa nguvu za mikono. Kwa muda wote huo Kavindu hakuwahi kuingia kwake, wala yeye kwa Kavindu. Walisalimiana kwa kuinua kidevu.

Kesho yake Kavindu alijaribu. Hakufua. Alijiambia ataitundika alasiri, jua likiwa limehamia upande wa pili. Alikaa kitandani, akashika chondo, akasikiliza.

Jua halikuwa limepanda sana aliposikia mlango unabishwa. Ulibishwa kwa ukucha, taratibu, lakini ulibishwa. Akaufungua kiasi cha uso. Alikuwa Becky, na kikombe cha chai mkononi, mvuke unatoka.

"Mama Soja, nimeona suruali haiko. Kwani mzee hajarudi leo?"

"Hajarudi... wamemwongezea shifti."

"Ooh. Nikasema wacha nikuangalie. Hao wazungu wa kazi siku hizi hawana huruma hata kama ni wahindi." Akacheka kicheko chake, chote, bila kukikata nusu, na Kavindu akashtuka jinsi kilivyojaza chumba. "Shika chai. Naweza ingia?"

Neno "karibu" lilifika hadi kwenye meno. Kavindu alihisi ladha yake. Lakini nyuma yake palikuwa na kitanda cha mtu mmoja, na kikombe kimoja, na sahani moja, na ukutani hapakuwa na koti la mwanamume wala kofia. Akasema anatoka kidogo. Akapokea chai, akashukuru, akafunga mlango kabla Becky hajageuka vizuri. Aliinywa chai yote amesimama. Ilikuwa na tangawizi nyingi, na aliinywa polepole, kwa uchungu wa mtu aliyefukuza mgeni aliyekuwa akimngoja miaka.

Asubuhi iliyofuata suruali ilirudi juu ya bati. Kikombe alikirudisha kwa kukiweka kwenye kizingiti cha Becky na kuondoka.

Akaiacha hapo juu siku zote zilizofuata. Alijua anachokifanya. Kila jua lilipochomoza aliuona mguu ule mweusi ukilala juu ya kioo, na kila mchana alipoanua aliuona ule mstari wa manjano ukinenepa, na pembeni yake mwingine ukianza kuchujuka. Taa yake ilianza kuzimika mapema. Redio ikakatika katikati ya salamu. Alikuwa akiiua kwa mikono yake, kwa sabuni yake mwenyewe, na hakujua njia nyingine.

Kisha Shivachi akaja bila kutangaza, tena asubuhi.

Kavindu alikuwa ndani. Alisikia ngazi inaegemezwa, akatoka mbio, akamkuta ameshafika juu, amesimama uso kwa uso na suruali. Ilikuwa inadondosha maji.  Shivachi alitazama suruali, akatazama kivuli chake, akatazama suruali tena. Akanyoosha mkono, akashika pindo, akalifikicha kwa vidole jinsi mtu anavyopima kitambaa sokoni. Pindo lilikuwa limeisha kwa kufuliwa. Makalioni, ambako suruali ya mlinzi huanza kuchakaa, palikuwa pazima kabisa.

"Ni ya mzee," alinong'ona.

"Ndiyo."

"Anaenda job kila siku? Hata Sunday?"

"Kila siku."

"Suruali ni hii moja?"

Kavindu alishika ngazi. Moyo ulikuwa ukimpiga, lakini akagundua kitu ambacho hakukitarajia: haukupiga kwa hofu. Sasa ataniuliza, alijiambia. Sasa ataniuliza, nami nitamwambia yote, Makina na lile blanketi na Kitui na kila kitu, na hata akiibeba paneli yake na aibebe. Maneno yalikuwa yamejipanga. Kilichobaki ni swali moja tu.

Shivachi alimtazama kutoka kule juu. Alikuwa mtu mwema. Alielewa, au alielewa kiasi, na akafanya kile ambacho mtu mwema hufanya.

"Sawa," alisema. "Waya usihamishe. Wacha tu."

Akatoa spana mfukoni. Akafungua skrubu nne, akaigeuza paneli robo mzunguko, akaifunga tena. Mistari iliyokuwa ikiteremka sasa ililala kwa upana. "Ona sasa. Kivuli kimeikata yote. Kila mstari unapoteza kidogo, hakuna unapoteza yote, kwa hivyo hakuna utakufa. Hiyo taa itapungua kidogo tu. Ile miwili imeungua tunaiacha, mingine itaishi."

"Na hao wa mradi? Utawaambia nini?"

"Nimeandika ni nguo." Akatia simu mfukoni. "Inatosha. Ni ya nani, hiyo si mambo yao." Akashuka, akabeba ngazi yake, akavuka uani kwa ncha za vidole, jitu zima. Langoni akageuka akanong'ona, "Umwambie mzee pole kwa kelele."

"Nitamwambia," Kavindu alisema.

Watu hulia wakigunduliwa. Kavindu alitaka kulia kwa sababu alikuwa amenusurika.

Alibaki amesimama uani akiangalia juu. Kivuli cha suruali kilikuwa kimelala juu ya mistari yote bila kuua hata mmoja. Kila kitu kimekaa sawa. Ataendelea kufua. Suruali hii itachanika, atatafuta nyingine ya mtumba, nayo ataifua mpaka ichanike. Nywele zake zitakuwa nyeupe na soja bado atakuwa amelala. Na siku atakapokufa yeye, humo ndani, kimya, wapangaji wataogopa kwanza kubisha ili wasimwamshe mzee. Na watakapouvunja mlango hatimaye, watatoka mbio kumtafuta mume wake wamwambie pole. Akilini alimwona Kiragu akiuliza yadi hadi yadi. Hapo miguu yake ikaanza kutembea yenyewe.

Becky alikuwa amechuchumaa mlangoni pake, mikono ndani ya povu hadi viwikoni.

"Becky," Kavindu alisema kwa sauti ya kawaida, na Becky mwenyewe ndiye aliyeweka kidole mdomoni, akaonyesha chumba cha mwisho.

"Hakuna mtu," Kavindu alisema. "Mume wangu alikufa. Alikufa kabla sijahamia hapa. Hiyo suruali naianika tu."

Becky alimtazama. Akatazama juu ya bati. Mikono ikatoka kwenye povu polepole.

"Kwa hivyo huyo tumekuwa tukimnyamazia..."

"Hayuko. Hajawahi kuwa."

Kavindu alikuwa amejiandaa kwa huruma, na kidogo kwa kicheko. Hakuwa amejiandaa kwa hasira. Becky alisimama, maji yakimtiririka.

"Wewe! Jael wangu mwaka juzi, ameshikwa na nimonia, analia mchana kutwa. Unajua nilimpeleka wapi? Nilimpeleka nikakaa naye kwa kibanda cha watu huko barabarani, na mvua inanyesha! Kwa nini? Juu bwanako amelala! Nimechapa watoto wangu, nimewafundisha kutembea kama wezi kwao wenyewe. Kwa suruali!"

"Sikujua, Becky."

"Ungejua aje, na mlango umefunga?" Akaokota shuka kwenye beseni, akalikamua kana kwamba ni shingo. "Nenda kwako, Mama Soja. Nenda tu kwanza."

Kavindu akaenda. Alikaa kitandani, hakushika chondo, hakuwasha kitu. Alikuwa amelipa kile alichokiogopa na hakupata kile alichokitaka, na hilo ndilo jambo baya kuliko yote yaliyompata tangu Kitui. Nje alisikia Becky akipiga nguo kwenye jiwe. Alizipiga kwa muda mrefu. Kisha mlio ukakoma.

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Becky aliingia, mikono bado imejikunja kwa maji, akatazama kila upande wa chumba. Kitanda chembamba. Sahani moja. Kikombe kimoja. Hakukaribishwa, alikaa kitandani, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine.

"Bado nimekasirika," alisema.

"Najua."

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Nzuki. Nzuki wa Kavoi."

"Alikuwa mtu wa aina gani? Mimi bwana yangu mwenyewe sijawahi mnyamazia hivyo hata siku moja. Huyu nimemnyamazia miaka. Nataka kujua nilikuwa nanyamazia nani."

Kavindu alifikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Hata mazishini watu ndio waliomsimulia yeye. "Alikuwa na kelele," akasema mwishowe. "Akirudi kazini asubuhi anaimba kuanzia barabarani, watu wa Makina walikuwa wanamtukana. Halafu akilala..." Akapapasa godoro. "Akilala haamki. Ungepiga ngoma juu ya kitanda. Siku moja nyumba ya jirani iliungua, tukamtoa na godoro, akaamkia nje."

Becky alimkodolea macho. "Yaani hata angekuwa hapa..."

"Hata angekuwa hapa, asingesikia kitu."

Kicheko kilimtoka Becky bila idhini yake, kikubwa, cha Bungoma, akaziba mdomo, kikapita katikati ya vidole. Kavindu naye akacheka. Alicheka akainama, na alipokuwa bado ameinama kicheko kiligeuka, na kilichotoka kilikuwa kilio, sio kile cha kumezea kwenye leso, bali kilio kamili cha mwanamke aliyefiwa na mume, chenye jina la Nzuki ndani yake, kilichogonga bati na kurudi. Becky alimshika mgongo na mkono wake wa baridi. Hakumwambia anyamaze.

Watoto walikuja. Walijazana mlangoni, macho makubwa, na mkubwa wao akawa anawasukuma wenzake nyuma: "Shhh, nyinyi, soja!"

"Hakuna soja," Becky aliwaambia. "Soja alikufa zamani. Hakuna mtu amelala hapa. Endeni mcheze, mpige kelele zenu."

Hawakuondoka. Hawakuwahi kupiga kelele mahali hapo na hawakujua pa kuanzia. Walisimama wakimtazama yule mwanamke akilia. Ndipo Jael akauliza, kwa sauti yake ya kawaida, "Mama, kama soja hayuko, huyu sasa tutamwita nani?"

Becky alifungua mdomo kumjibu, akaufunga. Akamgeukia Kavindu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ukaona haya.

"Unaitwa nani?" aliuliza.

Kavindu alifuta pua kwa leso kwanza, kisha akawaambia.